Saadat Hasan Manto na marafiki aliowaacha Bombay

Tarehe 18 Januari mwaka 1955, mjini Lahore nchini Pakistan, aliaga dunia mwandishi Saadat Hasan Manto akiwa na umri wa miaka 42. Wapenzi wa fasihi ya Kiurdu humkumbuka kama bwana wa hadithi fupi, na kama mwandishi aliyepandishwa mahakamani mara sita kwa tuhuma ya kuandika machafu. Kesi tatu zilimkuta India ilipokuwa bado chini ya Waingereza, na tatu nyingine zikamfuata Pakistan. Machache zaidi husemwa juu ya Manto wa studio za filamu na vyumba vya redio: mtu wa mizaha na maskhara, aliyeishi kwa takriban miaka 12 kwa kuandika michezo na filamu za kuwachekesha na kuwaliza watu, akiwa amezungukwa na marafiki Wahindu, Waislamu na Waparsi ambao hawakuulizana dini wanapokaa meza moja. Maisha hayo yalikatika Januari 1948, siku alipopanda meli Bombay kwenda Karachi. Hakurudi tena.

Manto alizaliwa tarehe 11 Mei 1912 huko Samrala, katika wilaya ya Ludhiana jimboni Punjab, kwa wazazi wenye asili ya Kashmir. Baba yake, Ghulam Hasan, alikuwa hakimu, mtu mkali asiyependa upuuzi, na Saadat alikuwa mtoto wa mke wa pili. Kaka zake wa mke mkubwa walikwenda Uingereza kusomea sheria. Yeye alianguka mara mbili katika mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, na miongoni mwa masomo yaliyomwangusha ni Kiurdu, lugha ambayo leo hakuna anayeweza kuandika historia yake ya karne ya 20 bila ya kumtaja Manto.

Mjini Amritsar, alikokulia, alijulikana kwa ufundi wa kutunga uongo wa kuchekesha. Alikuwa akizusha habari na kukaa pembeni kutazama zinavyoenea sokoni. Mojawapo ilikuwa kwamba Wamarekani wameinunua Taj Mahal na wanakusudia kuing'oa waipeleke kwao. Lakini mji huo huo ulimpa pia kumbukumbu isiyo ya mzaha. Alikuwa hajatimiza miaka saba wakati askari wa serikali ya Kiingereza walipowamiminia risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh, Aprili 1919. Hadithi yake ya kwanza, Tamasha, inayatazama mauaji hayo kwa macho ya mtoto asiyeelewa kinachotokea. Tangu mwanzo, basi, vitu hivyo viwili vilikaa pamoja ndani yake, kicheko na kitisho, na hakuna wakati ambapo kimoja kilikifukuza kingine.

Aliyemtoa katika uzururaji alikuwa mwandishi wa magazeti Abdul Bari, aliyekutana naye Amritsar mwaka 1933 na kumshawishi asome waandishi wa Kirusi na wa Kifaransa. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kutafsiri kwa Kiurdu kisa cha Victor Hugo juu ya siku za mwisho za mtu aliyehukumiwa kifo. Alijaribu Chuo Kikuu cha Aligarh, lakini maradhi ya kifua yakamtoa. Kisha, katikati ya miaka ya 1930, akaenda Bombay kuhariri gazeti la filamu la kila wiki lililoitwa Musawwir.

Bombay ilikuwa imeanza kuzoea filamu zinazozungumza. Ile ya kwanza, Alam Ara, ilikuwa imetoka mwaka 1931 tu, na studio zilikuwa na njaa ya watu wanaojua kuandika mazungumzo. Lugha ya filamu hizo, iwe mtu aliita Kihindi au Kiurdu, ilikuwa moja masikioni: lugha ya barabarani iliyochanganya maneno ya Kisanskriti, Kiajemi na Kiarabu, na waandishi wake wengi walikuwa wamelelewa katika ushairi wa Kiurdu. Manto alipata nafasi katika kampuni ya Imperial na kuandika Kisan Kanya, iliyotoka mwaka 1937, filamu ya kwanza ya rangi kutengenezwa nchini India kwenyewe. Haikuleta fedha. Ilimfundisha jambo ambalo alilirudia maisha yake yote: kwamba mwandishi katika nyumba ya filamu ni mtu wa mwisho kulipwa na wa kwanza kulaumiwa.

Ndoa yake ina kiungo na pwani yetu. Safia, mke aliyechaguliwa na mama yake, alitoka katika familia ya Wakashmiri iliyokuwa imeishi Afrika Mashariki kabla ya kuhamia Bombay. Harusi ilikuwa mwaka 1939, na bwana harusi hakuwa na kitu mfukoni. Manto aliandika baadaye juu ya siku zile kwa namna inayomfanya msomaji acheke na kumhurumia kwa wakati mmoja: mishahara isiyolipwa, mwenye studio wa kubembelezwa, mama anayehangaika kutafuta nguo na vyombo, na yeye mwenyewe akiwa kama mgeni katika arusi yake. Watu waliowafahamu walistaajabia jinsi mume na mke walivyofanana. Wote wawili walikuwa Wakashmiri, wote walivaa miwani, wote majina yao yalianza kwa herufi moja, na wote walizaliwa tarehe 11 Mei. Safia hakuwa mtu wa kelele. Ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza wa hadithi nyingi za mumewe, na ndiye aliyebeba mzigo wa nyumba pale mumewe alipokuwa hawezi tena kuubeba.

Januari 1941 Manto aliajiriwa na All India Radio mjini Delhi. Ukumbi ule wa redio ulikuwa na bahati isiyo ya kawaida. Chini ya uongozi wa Ahmed Shah Bokhari, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi maarufu wa vichekesho vya Kiurdu, walikusanyika hapo Krishan Chander, Upendranath Ashk, mshairi N. M. Rashid na wengineo. Manto alikuja na mashine ya taipu ya Kiurdu, akaiweka mezani, na kuanza kupiga michezo moja kwa moja bila ya kuandika kwanza kwa mkono. Katika muda wa miezi 19 hivi alitunga michezo ya redio zaidi ya mia moja. Mingi imesahauliwa, na baadhi ilistahili kusahauliwa, kwa kuwa iliandikwa kwa haraka ya kujaza kipindi. Lakini ile ya mfululizo wa Aao bado husomwa kwa raha. Wahusika wake ni watu watatu tu: Kishore, mkewe Lajwanti, na rafiki yao Narayan. Kila mara wanaamua kufanya jambo dogo, kucheza karata au kutunga hadithi, na kila mara jambo lenyewe linapotea katikati ya ubishi, wivu mdogo na maneno ya kuchokozana. Hakuna anayeumia. Msikilizaji wa 1941, ambaye dunia yake ilikuwa vitani, alikuwa akiketi mbele ya redio kusikia mume, mke na rafiki wakibishana juu ya kitu kisicho na maana.

Manto mwenyewe hakujua kubishana bila ya kuumiza. Yeye na Ashk waligombana kwa muda wote waliofanya kazi pamoja, kila mmoja akimchoma mwenzake kwa ulimi. Mchezo wake mmoja ulipofanyiwa marekebisho asiyoyakubali, mwaka 1942, aliichukua taipu yake akarudi Bombay. Delhi ilikuwa pia imemchukulia mwanawe wa kwanza, Arif, aliyefariki akiwa bado mtoto mchanga. Wapo wanaosema kwamba pombe, ambayo tayari alikuwa akiinywa, ilianza baada ya msiba huo kumnywa yeye.

Miaka ya Bombay iliyofuata, kutoka 1942 hadi 1948, ndiyo aliyoitaja daima kuwa miaka yake bora. Alikaa mtaa wa Byculla, akaajiriwa na studio ya Filmistan, na humo akapata urafiki wa Ashok Kumar, mwigizaji aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote wa zama zile. Wale waliokuwa wakienda sinema Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam katika miaka ya 1950 hawahitaji kuelezwa Ashok Kumar alikuwa nani. Manto alimpenda kwa sababu ya pengo lililokuwapo kati ya nyota na mtu. Kwenye pazia la sinema wanawake walimzimia. Nje ya pazia alikuwa mtu mwenye haya, mwenye kukimbia wanawake hao hao, anayependa kukaa na rafiki na kuzungumza juu ya kila kitu isipokuwa umaarufu wake.

Mwaka 1946 marafiki hao walitengeneza Eight Days, filamu ya vichekesho. Kulikuwa na nafasi ya rubani wa jeshi aliyechanganyikiwa akili kwa sababu ya vita, na mtu aliyekubali kuiigiza akajitoa dakika za mwisho. Ashok Kumar akamkamata Manto. Mwandishi yule, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya kamera, akalazimika kuingia ndani ya sare ya kijeshi na kuigiza wazimu. Nafasi nyingine walipewa mshairi Raja Mehdi Ali Khan na, kwa kejeli ya mambo, yule yule Upendranath Ashk wa ugomvi wa Delhi, ambaye naye alikuwa ameingia Filmistan. Maadui wawili wa redio wakajikuta ndani ya filamu moja ya kuchekesha. Miaka mingi baadaye Ashk aliandika kitabu kizima juu ya Manto na kumwita adui yake, na msomaji hafiki mbali kabla ya kugundua kwamba ni kitabu cha mtu aliyefiwa na rafiki.

Neno hilo la uadui lilitumiwa pia na Ismat Chughtai, mwandishi mwanamke shupavu aliyekuwa mtu wa karibu mno na Manto na Safia. Katika makala aliyomwandikia alimwita rafiki na adui kwa pamoja. Urafiki wao uliwashangaza watu wengi, kwani wengi walidhani mwanamume na mwanamke wenye vipaji sawa hawawezi kukaa meza moja usiku kucha wakibishana bila ya kuwapo jambo jingine. Haukuwapo. Ulikuwapo ubishi, na mume wa Ismat, Shaheed Latif, na Safia walikuwa wakiwasikiliza mpaka usingizi unawachukua. Wote wawili walishitakiwa kwa wakati mmoja mjini Lahore, yeye kwa hadithi ya Bu na Ismat kwa hadithi ya Lihaaf. Walisafiri kwa treni hadi huko kujibu mashitaka, na badala ya kwenda kama watuhumiwa walikwenda kama watu wa matembezi. Saa ambazo hawakuhitajika mahakamani walizitumia kuzunguka madukani kununua viatu. Mashitaka hayakusimama, wakarudi Bombay na viatu vyao.

Kisa ambacho Manto alikisimulia kwa furaha kuliko vyote ni cha simu na Nargis. Wakati huo Nargis alikuwa msichana aliyeanza tu kung'ara katika filamu, na nyumbani kwa Manto walikuwapo shemeji zake, dada zake Safia, waliokuwa na mazoea ya kupiga simu za mizaha mumewe dada yao anapokuwa kazini. Siku moja wakampigia Nargis. Hawakumwambia wao ni akina nani. Nargis, ambaye utoto wake ulikuwa umefungiwa kati ya studio na ulinzi wa mama yake, Jaddan Bai, alifurahi kupata wasichana wa rika lake wa kuzungumza nao mambo ya kipuuzi, na urafiki wa sauti bila sura ukaendelea kwa muda mrefu. Safia alijua, Manto hakujua. Hatimaye wakamwalika nyumbani. Jaddan Bai, mwimbaji na mtu wa filamu aliyemjua Manto vizuri, aliongozana na bintiye, wakapotea njia kuitafuta nyumba, na Manto ndiye aliyekwenda kuwapokea barabarani. Mama yule alipotambua kwamba wasichana wa siri ni jamaa wa Manto, alicheka. Siku hiyo Nargis alisahau kuwa yeye ni nyota, akaketi chini pamoja na wenziwe wakala na kupiga soga kama wasichana wa shule.

Kisa hicho hakina lolote la ajabu, na huenda ndiyo sababu Manto alikithamini. Ndani ya nyumba moja ya Byculla kulikuwa na familia ya Waislamu wa Kashmir waliopitia Afrika na nyota aliyezaliwa na baba wa ukoo wa Kihindu na mama Mwislamu, na hakuna aliyeona haja ya kuwahesabu.

Agosti 1947 Bara Hindi liligawanywa, zikazaliwa India na Pakistan. Mamia kwa maelfu ya watu waliuawa na mamilioni wakahama. Wakati huo Manto alikuwa amemfuata Ashok Kumar katika studio ya Bombay Talkies, ambayo Ashok na Mparsi Savak Vacha walikuwa wameichukua. Wengi wa walioajiriwa katika nafasi za juu walikuwa Waislamu, na barua za vitisho zikaanza kufika, zikiahidi kuichoma moto studio. Manto alijiona kuwa yeye ndiye chanzo cha hatari iliyowakabili rafiki zake. Ashok Kumar hakutaka kusikia maneno hayo. Usiku mmoja, wakirudi nyumbani kwa gari, Ashok alikatisha njia kupitia mtaa wa Waislamu, jambo ambalo Mhindu yeyote katika siku zile angelikwepa. Mbele yao ukatokea msafara wa harusi ukaizunguka gari. Manto aliganda kwa hofu, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mwenziwe, akawaza kwamba akifa Ashok katika mikono ya Waislamu mbele ya macho yake hatajisamehe kamwe. Watu wakamtambua mwigizaji. Kilichofuata ni vijana wawili kumwelekeza kwa adabu, wakimwita kaka, kwamba njia hiyo haitoki na ni bora apite upande wa pili. Ashok akaendesha huku akimcheka rafiki yake kwa woga wake.

Ashok Kumar aliamini kwamba umaarufu ni ngao. Huenda kwake yeye ilikuwa kweli. Manto hakuwa na ngao hiyo, na wakati huo huo hadithi yake aliyoipendekeza studio iliwekwa kando, zikachaguliwa za wengine, ikiwamo Ziddi ya Ismat na ile iliyokuja kuwa Mahal ya Kamal Amrohi. Safia na binti yao mdogo walikuwa tayari wamekwenda Lahore. Hata hivyo, si barua za vitisho wala hadithi iliyokataliwa vilivyomtoa Bombay peke yake. Yapo mazungumzo aliyoyarudia katika maandishi yake, na yanahusu rafiki mwingine.

Huyo alikuwa Shyam, mwigizaji kijana aliyekulia Rawalpindi, mrefu, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, mpenda raha asiyeficha kuwa anapenda raha. Yeye na Manto walikuwa wakishiriki kila kitu: pombe, fedha zinapopatikana, madeni zisipopatikana, na siri za mapenzi ya Shyam, ambayo hayakuwa machache. Siku moja, katikati ya machafuko, walikaa pamoja kusikiliza familia ya Masingasinga waliokimbia Rawalpindi wakieleza yaliyowafika mikononi mwa Waislamu. Rawalpindi ulikuwa mji wake Shyam. Walipotoka, Manto aliona jinsi rafiki yake alivyogeuka rangi, akamuuliza kama yeye, kwa kuwa ni Mwislamu, hakutamani kumuua. Shyam alijibu kwa dhati kwamba sasa hapana, lakini wakati ule alipokuwa akisikiliza, angeliweza.

Manto hakumkasirikia. Aliandika kwamba jibu lile lilimshtua, kisha akaanza kulielewa, na kulielewa ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwani alijiona kuwa na yeye katika saa kama hiyo angeliweza kumuua Shyam. Mtu aliyeishi kwa kuandika mazungumzo hakupata la kujibu. Siku chache baadaye alifunga mizigo yake. Rafiki zake walimsihi abaki, wengine wakamkasirikia. Shyam ndiye aliyemsindikiza bandarini, akiwa na chupa ya brandi na mizaha ile ile ya siku zote, wakanywa, wakakumbatiana, na meli ikang'oa nanga.

Lahore ilikuwa na watu waliomjua Manto lakini haikuwa na kazi. Sekta ya filamu ya Pakistan ilikuwa changa na maskini, kwa kuwa wengi wa wenye mitaji walikuwa Wahindu waliohama. Filamu aliyoiandika huko, Beli, ilitoka mwaka 1950 ikaanguka. Alikaa katika jengo la Lakshmi Mansions pamoja na Safia na mabinti zao, ambao baadaye wakawa watatu, Nighat, Nuzhat na Nusrat, akawa anaandika hadithi moja kwa siku, wakati mwingine ndani ya ofisi ya gazeti lenyewe, akalipwa papo hapo, na malipo yakaishia katika chupa. Ni katika hali hiyo alipoandika hadithi zake kubwa juu ya mgawanyiko wa Bara Hindi, ambazo ziliwaudhi watu wa pande zote mbili kwa kuwa hazikutaja upande wenye haki. Kwa ajili ya Thanda Gosht alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu na kazi ngumu pamoja na faini ya rupia 300, hukumu iliyofutwa katika rufaa na baadaye kurudishwa upande wa faini tu na Mahakama Kuu.

Uchangamfu ulimbakia mpaka mwisho. Kati ya 1951 na 1954 aliandika barua tisa za wazi kwa Marekani, akijifanya mpwa maskini anayemwandikia mjomba tajiri, na ndani yake alibashiri kwa kicheko misaada ya silaha na mambo mengine ambayo nchi yake ilikuja kuyaona. Kwa masimulizi yake mwenyewe, maafisa wa Kimarekani walimtaka hadithi moja kwa rupia 500, yeye akasema thamani yake ni 200, wakasikilizana kwa 300. Pengine ni mwandishi pekee katika historia aliyepigania kupunguziwa malipo huku nyumbani kwake hakuna fedha ya maziwa.

Mwaka 1952 alitoa kitabu cha picha za maneno za watu wa filamu aliowaacha Bombay, akakipa jina lenye maana ya malaika wenye vipara. Katika dunia yake, alieleza, kila malaika aliyeingia kinyozi alitoka amenyolewa. Humo wamo Ashok Kumar, Nargis, Ismat na Shyam, pamoja na udhaifu wao, uchoyo wao na vituko vyao. Wapo waliochukizwa, wakiona ni usaliti kufichua siri za walioaminiana. Shutuma hiyo ina uzito wake. Lakini mtu akisoma kurasa hizo akijua ziliandikwa wapi, na mtu ambaye asingeweza tena kuvuka mpaka kwenda kugombana nao uso kwa uso, huona kwamba mwandishi alikuwa akijaribu kukaa nao tena kwa saa chache. Kiswahili cha zamani kina neno dosti kwa rafiki mpenzi, neno lile lile ambalo Manto alilitumia kwa Kiurdu, na yeye hakuamini kwamba dosti ni mtu wa kupakwa poda.

Shyam alikuwa amepanda daraja. Filamu yake Dillagi, pamoja na Suraiya, ilivuma mwaka 1949. Alifika Lahore mara moja, lakini hoteli ilijaa mashabiki, vijana na wanawake waliotaka kumgusa tu, na katika kelele zile marafiki wawili hawakuipata tena lugha yao ya zamani. Walibadilishana barua. Tarehe 25 Aprili 1951, wakati wa kupigwa filamu ya Shabistan, Shyam alianguka kutoka juu ya farasi akafariki. Wakati huo Manto alikuwa ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lahore, alikopelekwa na jamaa zake ili aachane na pombe, na habari ya kifo cha rafiki yake aliisoma humo, katika gazeti.

Kutokana na kukaa kwake katika hospitali hiyo ilitoka hadithi yake mashuhuri kuliko zote, Toba Tek Singh. Serikali mbili zinaamua kubadilishana wendawazimu kama zilivyobadilishana wafungwa: Wahindu na Masingasinga wapelekwe India, Waislamu wapelekwe Pakistan. Wagonjwa wanahangaika kuelewa vipi mahali pale pale walipolala jana pamekuwa nchi nyingine leo. Ni hadithi ya kuchekesha karibu mpaka ukurasa wa mwisho, pale Singasinga mzee, Bishan Singh, anapokataa kuvuka na kuanguka juu ya kipande cha ardhi kisicho cha nchi yoyote, katikati ya nyaya za mipaka miwili.

Mwaka 1954 filamu ya Mirza Ghalib, juu ya mshairi mkuu wa Kiurdu na mwanamke aliyempenda, ilionyeshwa India. Kisa chake kilikuwa cha Manto, alichokiandika kabla ya kuhama, na mazungumzo yalikamilishwa na Rajinder Singh Bedi. Bharat Bhushan aliigiza mshairi, Suraiya akaimba. Ilipata medali ya dhahabu ya Rais wa India kama filamu bora ya mwaka ule. Jina la Manto lilipita kwenye pazia la sinema za Bombay na Delhi, mwenyewe akiwa Lahore, ini likiwa limekwisha kuharibika, akimuahidi Safia kila wiki kwamba ataacha.

Asubuhi ya tarehe 18 Januari damu ilimtoka mdomoni. Gari la wagonjwa lilimchukua kwenda hospitali, na alifika akiwa ameshafariki. Alizikwa katika makaburi ya Miani Sahib. Miezi michache kabla alikuwa amejiandikia maneno ya kaburi lake, yenye mzaha kwa Mwenyezi Mungu juu ya nani kati yao ni msimulizi bora zaidi. Jamaa zake waliogopa yataleta kesi ya saba, wakaandika mengine.